Mwanga wa Mchoraji, Sindano ya Mama

Kuna aina ya picha ambayo ukishaiona mara chache utaitambua hata kwa mbali. Ni chumba cha kijijini chenye dirisha moja, na mwanga wa kijivu unaingia kutoka upande. Karibu na dirisha ameketi mama, kichwa ameinamisha, kofia nyeupe imemkaa sawasawa. Mtoto yuko mapajani, au amesimama kashikilia aproni ya mamake, naye kavalishwa kofia na sketi ndefu kama mtu mzima. Pembeni kuna susu ya mbao, na birika juu ya moto. Uholanzi ilizichora picha hizi kwa wingi mno kuanzia miaka ya 1870 hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo zinapita minadani. Lebo zake karibu zote zinafanana: mama na mtoto ndani ya nyumba.

Nazipenda picha hizi, na ndiyo maana nina neno nazo. Lebo inamtaja mama, inamtaja mtoto, inaitaja nyumba, lakini nguo haitajwi. Na nguo ndiyo iliyomfanya mchoraji afunge safari hadi kijijini, ndiyo iliyomfanya mnunuzi atoe fedha. Picha ikishatundikwa ukutani, nguo ile inageuka rangi tu, doa jeupe la kofia na doa la buluu la aproni. Kwa mama aliyeivaa ilikuwa taarifa kamili, na majirani waliisoma kabla hajafungua mdomo: ametoka kijiji gani, anasali kanisa gani, ameolewa au bado, ana msiba au hana, na msiba huo una muda gani. Msimamo wangu ni kwamba picha hizi zina waandishi wawili. Mmoja aliandika kwa brashi, naye ametukuzwa vya kutosha. Mwingine aliandika kwa sindano, pasi na wanga, na maandishi yake yako mbele ya macho yetu bila kusomwa.

Tuanze na karne ya 17, maana huko ndiko wachoraji wa baadaye walikokuwa wakitazama. Mnamo 1660 hivi Pieter de Hooch, mzaliwa wa Rotterdam, alichora picha ambayo sasa iko katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Mama ameketi. Mtoto amepiga magoti na kulaza kichwa mapajani, na mama anamtafuta chawa. Hakuna tukio jingine. Kando yao kuna kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta, kama walivyolala Waholanzi wengi wakati ule ili kuhifadhi joto. Mbele kuna kiti kidogo cha mtoto chenye tundu la kujisaidia. Kijibwa kimegeukia chumba cha nyuma, ambako jua linaingia na kuangukia sakafu ya vigae. Mtu yeyote aliyewahi kulaza kichwa mapajani pa mama akitolewa chawa anajua subira iliyomo humo, ya mama na ya mtoto, na de Hooch hakuiongezea chumvi.

Huyu mama hajavaa vazi la kimila. Amevaa nguo za nyumbani za mwanamke wa mjini wa siku zake, na mchoraji hakuwa na nia ya kumhifadhia mtu utamaduni. Alichora nguo za mwaka ule. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu tutakaporudi karne ya 19 mambo yatakuwa yamegeuka.

Watoto wa picha za karne ya 17 ukiwasogelea utaona vitu vilivyokuwa na kazi. Mabegani mwa gauni zimeshonwa kanda mbili ndefu za kumshikilia mtoto anapojifunza kutembea. Wengine wana kofia nene iliyojazwa ndani, ya kuzuia pigo wakianguka. Shingoni au mkononi pana marijani nyekundu, iliyoaminiwa kumkinga mtoto na maradhi. Wavulana walivaa magauni sawa na dada zao hadi miaka sita au saba, ndipo wakapewa suruali. Kila kipande kati ya hivyo kimeshonwa na mtu mwenye hofu. Gabriel Metsu alimchora mtoto mgonjwa katikati ya miaka ya 1660, amelegea mapajani pa mwanamke, hana hata nguvu ya kutazama, na Amsterdam ilikuwa imetoka kupigwa na tauni ya 1663 na 1664. Ukijua hivyo, marijani ya shingoni huiiti tena pambo.

Miaka mia mbili baadaye wanawake wa Amsterdam na The Hague walikuwa wakivaa kama wanawake wa Paris. Wa vijijini na wa pwani walikuwa na mavazi yao, kila eneo na lake. Wachoraji wa mjini walipowaona waliamini kwamba wameikuta Uholanzi ya de Hooch ikiwa bado hai, imejificha nyuma ya matuta ya mchanga. Huo ndio mzizi wa tatizo. Waliona nguo tofauti na za mjini, wakadhani ni nguo za zamani.

Jozef Israëls, Myahudi aliyezaliwa Groningen mwaka 1824, ndiye aliyefungua njia. Mwaka 1855 alikwenda Zandvoort, kijiji cha wavuvi kwenye Bahari ya Kaskazini, kutafuta afya. Aliishi kati ya wavuvi, akaacha kuchora mashujaa wa historia, akaanza kuchora wao. Mwaka uliofuata akatoa picha kubwa, kimo chake kinampita mtu mzima: mvuvi anapita karibu na kaburi la mkewe, mtoto mchanga mkononi, mwingine kamshika mkono. Kwangu hiyo ndiyo picha ya mama iliyo kali kuliko zote za Israëls, na mama mwenyewe hayumo. Unamtafuta kwa kuangalia waliobaki, unajiuliza nani atamvisha yule mdogo kesho asubuhi.

Maswali ya namna hiyo yalikuwa ya kila nyumba. Katika miaka ya 1870, karibu mtoto mmoja kati ya watano waliozaliwa Uholanzi hakufikisha mwaka mmoja. Pwani kulikuwa na bahari juu ya hayo. Kwa hiyo mchoraji aliyeingia kwenye nyumba ya mvuvi au ya mfumaji, akamkuta mama na susu, hakuwa ameingia mahali pa utulivu. Alikuwa ameingia mahali ambapo watu walihesabu siku.

Israëls mwenyewe ndiye aliyewaonyesha wenzake Laren, kijiji cha wakulima na wafumaji kusini-mashariki mwa Amsterdam. Albert Neuhuys akafuata, akakifanya chumba cha Laren kuwa somo lake la maisha. Anton Mauve akahamia huko miaka yake ya mwisho; alifariki 1888. Tramu ya mvuke ilikuwa imefika 1882, hoteli ikapanuka, na wageni kutoka Ujerumani na Marekani wakaja kwa makundi. Hein Kever, Evert Pieters, Bernard de Hoog na wengine wengi walichora mama yuleyule na dirisha lilelile kwa miaka arobaini. Wapo waliochora vizuri sana. Neuhuys hasa ana namna ya kuweka mkono wa mama kwenye shingo ya mtoto ambayo haiigiki, na sioni haya kusema kwamba picha zake mbili tatu zimenitoa machozi.

Lakini ona kilichotokea. Kadiri wanunuzi walivyoongezeka, ndivyo chumba kilivyozidi kuwa cha zamani. Baadhi ya wachoraji walijitengenezea pembe ya chumba cha kijijini ndani ya studio zao, wakakusanya vyombo na fanicha kuukuu, na mama wa kijiji akaja kukaa hapo kwa ujira mdogo, na mtoto wake au wa jirani. Mama alikuwa kazini. Kwa familia ya mfumaji ujira ule ulikuwa chakula. Sina lawama kwake, wala kwa mchoraji aliyelipa. Lawama yangu ni kwa picha kukaa kimya juu yake: mama anayelipwa kukaa anaonyeshwa kama mama asiyejua kitu kinachoitwa fedha.

Sasa tuiangalie nguo yenyewe, maana hapo ndipo penye utajiri.

Chukua Marken. Hadi 1957 kilikuwa kisiwa, nyumba zake zimejengwa juu ya vilima vidogo na nguzo kwa kuogopa maji. Watu wake Waprotestanti. Ng'ambo ya maji iko Volendam, mji wa wavuvi Wakatoliki. Siku ya hewa safi unaona kanisa la wenzako ukiwa umesimama mlangoni kwako, lakini mavazi yalitofautiana kabisa, kuanzia kofia hadi aproni. Kofia ya lesi ya Volendam, yenye ncha juu na mabawa pembeni, ndiyo ambayo dunia imekuja kuiita kofia ya Kiholanzi, kana kwamba nchi nzima iliivaa. Ilikuwa kofia ya mji mmoja, tena hasa ya Jumapili na sikukuu. Ukiona picha ambamo mama anapika au anafua akiwa na kofia ile, una haki ya kuuliza ni nani aliyemwambia aivae.

Marken watoto wa kiume na wa kike walivaa sketi pamoja hadi miaka sita au saba, nywele zimeachwa ndefu kwa wote. Tofauti ilikuwa kwenye kofia na vipande vidogo ambavyo jirani aliviona mara moja na mgeni haoni mpaka leo. Wageni wengi waliosimama mbele ya picha ya mama wa Marken na binti zake wawili walikuwa wanatazama binti mmoja na kaka yake. Ile desturi ya siku za de Hooch, ya kuwavisha wavulana magauni, ilibaki kisiwani ikiwa na sheria zake.

Zeeland, kusini-magharibi, kwenye eneo la Zuid-Beveland, kofia ilikuwa cheti cha dhehebu. Ya Waprotestanti ilizunguka uso kama ganda kubwa la kombe, ya Wakatoliki ilikuwa na pembe. Mchoraji aliyebadilisha kofia kwa sababu moja ilimpendeza zaidi kuliko nyingine alikuwa amembatiza mama upya bila kumuuliza. Friesland, kaskazini, utajiri ulikaa kichwani, kwenye bamba la chuma lililoshikilia kofia, ambalo kwa vizazi liligeuka kutoka chuma kuwa fedha na kutoka fedha kuwa dhahabu, hadi likafunika kichwa chote. Mama aliyevaa lile la dhahabu alikuwa amevaa mali ya familia.

Halafu msiba. Katika vijiji vingi vya ghuba ya Zuiderzee, ile ya Marken na Volendam, kulikuwa na ngazi za maombolezo, za muda mrefu na za muda mfupi kulingana na udugu, na kila ngazi ilikuwa na rangi. Nyekundu ilitoka kwanza. Nyeusi ikaingia, kisha buluu na zambarau zikarudi hatua kwa hatua, na rangi zenye uchangamfu zikawa za mwisho. Wapo wajane ambao baada ya kufiwa hawakuigusa tena nyekundu maisha yao yote. Watoto nao waliingizwa kwenye utaratibu huo. Mtoto wa miaka mitatu aliweza kuvaa msiba wa babu ambaye hakumkumbuka. Fikiria basi mama wa picha, amevaa buluu tupu, mwanga unamwagika begani. Mhakiki anaandika kuhusu upatano wa buluu na kijivu. Jirani wa mama yule, angesimama mbele ya turubai ileile, angejua kwamba nyumba hii imezika mtu, na pengine angejua hata umbali wa kaburi kwa miezi.

Wasomaji wa Kiswahili hamhitaji kushawishiwa sana juu ya hili. Mnajua kanga husema, mnajua yupo anayevaliwa na yupo anayevaa, na mgeni anayesifia maua ya pindo bila kusoma jina lake ameona nusu tu. Na hapa pana uhusiano wa kweli, si wa kufananisha tu. Kiwanda cha P. F. van Vlissingen, kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, kilichapisha kanga kwa ajili ya soko la Zanzibar na pwani yetu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Yaani miaka ileile ambayo wachoraji walikuwa Laren wakitafuta mama ambaye hajaguswa na kiwanda, viwanda vya nchi hiyohiyo vilikuwa vinapima ladha ya akina mama wa Unguja na Mombasa, vinapeleka vitambaa kwa meli, vinasubiri kujua kipi kimependwa. Mama wa Laren na mama wa Unguja walikuwa ndani ya biashara moja ya nguo.

Hata lile vazi lililoitwa la asili lilikuwa limesafiri. Hindeloopen, mji mdogo wa Friesland, ulikuwa mji wa manahodha. Waume walipokwenda Amsterdam walirudi na vitambaa vya pamba vya India, vilivyopakwa maua kwa mkono kwenye pwani ya Coromandel na kuletwa na Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, ile iliyoundwa 1602. Wake zao walikishona kitambaa hicho kuwa koti refu, mbele wazi. La siku za furaha lilikuwa na nyekundu, la maombolezo lilikuwa la buluu na nyeupe. Kitambaa cha kichwa kilitofautisha mwali na mke wa mtu. Kwa hiyo vazi lililosifiwa kama roho ya Friesland lilianzia kwenye mikono ya mafundi wa Kitamil na Kitelugu, katika bahari hii hii ambayo ilileta vitambaa vya India Kilwa, Lamu na Muscat. Marijani shingoni mwa mtoto ilitoka Bahari ya Mediterania. Sisemi kwamba vazi hilo kwa hiyo ni la uongo. Akina mama wa Hindeloopen walichukua vya mbali wakavifanya vyao, kwa sheria walizozitunga wenyewe. Uongo uko kwenye madai kwamba lilikuwa limesimama mahali pamoja tangu zamani za kale.

Hindeloopen pia inatuonyesha mwisho wa hadithi mapema. Mchoraji Christoffel Bisschop, mzaliwa wa Leeuwarden, alichora akina mama wa mji huo na watoto wao, na alikusanya samani na mavazi yao kwa mapenzi makubwa. Mwaka 1877, kwenye maonyesho ya historia ya Friesland, Leeuwarden, chumba kizima cha Hindeloopen kilijengwa na kuwekwa sanamu zilizovishwa. Mwaka uliofuata chumba kikapelekwa Paris kwenye maonyesho ya dunia, watu wakajaa kukitazama. Wakati huohuo, katika mitaa ya Hindeloopen penyewe, vazi lile lilikuwa karibu limetoweka. Mwaka 1898, Malkia Wilhelmina aliposimikwa akiwa na miaka 18, Amsterdam iliandaa maonyesho ya mavazi ya taifa zima, nayo pia kwa sanamu. Vazi lililokuwa la kutofautisha kijiji na kijiji likafanywa alama ya kuunganisha taifa.

Soko la nje lilimaliza kazi. Volendam, Leendert Spaander alifungua hoteli mwaka 1881, akajenga studio nyuma yake, akawatafutia wachoraji watu wa kuwachora, na mara nyingine akapokea picha badala ya malipo. Binti zake walikaa kuchorwa, na baadhi yao wakaolewa na wachoraji. Marekani nayo ilikuwa na njaa ya picha hizi. Edward Bok, aliyezaliwa Den Helder na kuhamia huko akiwa mtoto, alikuwa mhariri wa jarida kubwa la wanawake. Mwaka 1903 aliandika humo kwamba mama halisi wa Marekani ni Uholanzi. Hapo utaelewa ni kwa nini tajiri wa chuma wa Pittsburgh alitaka mama wa Laren ukutani kwake. Alinunua ukoo. Na mama wa ukoo hatakiwi kuwa na deni, wala msiba, wala maoni.

Wapo walioona vizuri zaidi, na sidhani ni bahati tu kwamba wawili ninaowaweka mbele ni wanawake. Elizabeth Nourse, Mmarekani wa Cincinnati aliyeishi Paris, alikwenda Volendam mwaka 1892. Alichora wanawake na wasichana wakiwa kanisani, kofia ya mabawa ikiwa mahali pake panapostahili, kwenye ibada. Naye alikuwa Mkatoliki. Alijua kwamba wanawake wale walikuwa wanasali, hawakuwa wamepangwa kwa ajili yake. Katika picha zake nyingi za akina mama, za Uholanzi na za Ufaransa, mikono ni mikubwa na imekakamaa, na uso una uchovu ambao haukuondolewa kumfurahisha mtu. Wapo waliolalamika kwamba watu wake si wazuri wa sura. Kwangu hiyo ni sifa.

Wa pili ni Suze Robertson, aliyezaliwa The Hague mwaka 1855, akafiwa na mama angali mdogo sana. Alifundisha kuchora kwa miaka kabla ya kuthubutu kuishi kwa brashi. Aliolewa na mchoraji Richard Bisschop mwaka 1892, wakapata binti, Sara, na kwa muda alimweka mtoto huyo alelewe na wengine ili aweze kufanya kazi. Mchoraji mwanamume aliyeacha watoto nyumbani na kwenda Laren kuchora akina mama hakuulizwa swali. Robertson alilijua swali hilo mwilini mwake. Wanawake wake wa vijijini wanamenya viazi, wanasokota uzi, wanabeba. Rangi ni nzito, imepakwa kwa nguvu, na kofia nyeupe haimetameti. Imechafuka kama kofia ya mtu anayefanya kazi inavyochafuka. Nguo kwake ina uzito, na unauona uzito huo kwenye mabega.

Ningemwongeza pia Thérèse Schwartze kwa picha moja ya 1885, iliyoko Rijksmuseum, ya wasichana watatu wa nyumba ya yatima ya Amsterdam. Mavazi yao yalikuwa nusu nyekundu, nusu nyeusi, rangi za jiji, ili kila mtu mtaani ajue kwamba huyu ni mtoto wa jiji. Picha ni nzuri na imechorwa kwa upole. Lakini iweke kando ya zile za Laren uone tofauti ya mshono. Kule, hata kwenye nyumba masikini, kuna mtu aliyechagua kitambaa, akapunguza kofia iwatoshe wadogo, akaongeza pindo mtoto aliporefuka. Hapa nguo imetolewa stoo.

Ghuba ya Zuiderzee yenyewe haipo tena. Mafuriko ya Januari 1916 yaliua watu 16 Marken, serikali ikaamua kuifunga bahari, na mwaka 1932 ukuta wa Afsluitdijk ukakamilika. Maji ya chumvi yakageuka ziwa, uvuvi ukabadilika, vijana wakaenda mijini, na mavazi yakaanza kukunjwa na kuwekwa sandukuni. Leo Volendam watalii hupiga picha za familia wakiwa wamevishwa nguo za kimila juu ya nguo zao. Sina shida nao, watoto hufurahi. Ila kofia ile sasa haisemi kitu chochote kuhusu aliyeivaa.

Ninachodai kwa makumbusho ni kitu kinachowezekana. Lebo ya mama na mtoto iandikwe upya. Iseme kijiji. Iseme kama kofia ni ya Jumapili au ya kazi, kama mtoto wa sketi ni mvulana, kama buluu ile ni ya msiba, na kama mchoraji amechanganya vipande vya vijiji viwili ambavyo visingevaliwa pamoja, lebo iseme hivyo pia. Iseme kitambaa kilitoka wapi. Maneno thelathini yanatosha, na mtazamaji atakuwa amepewa mtu kamili badala ya umbo lenye mwanga.

Na kuna sababu ya kufanya hivyo haraka. Spakenburg, kusini mwa iliyokuwa Zuiderzee, wapo bado wanawake wachache, wazee, wanaovaa vazi lao kila siku. Kile kipande cha kifuani na mabegani hupakwa wanga tena na tena mpaka kikauke kigumu kama ubao, na rangi zake bado zinafuata ngazi za maombolezo. Hawa wanasoma nguo kama sisi tunavyosoma gazeti, na vijiji jirani vilikuwa na sheria ambazo baadhi yao walizisikia kwa bibi zao. Waitwe. Wawekewe viti mbele ya picha za mavazi wanayoyafahamu, waulizwe huyu ni nani, amefiwa na nani, kofia hii imefungwa na mtu anayejua au na mchoraji, na majibu yao yaandikwe kwa majina yao kwenye ukuta uleule ambao jina la mchoraji limeandikwa.